Kinda wa Bluu na Mkono wa Seremala

Seremala wetu wa Majengo amefariki. Mkewe alinipigia simu Jumanne asubuhi, sauti kavu: "Shemeji, rafiki yako kapumzika. Njoo uwachukue ndege wake, mimi siwezi kuwatazama." Ninyi mnaonisoma mnajua jicho langu la kushoto halioni. Sijawahi kuwaambia lilitolewa na nani, kwa sababu marehemu alinikataza. Sasa hayupo wa kunikataza, na mimi darasa la saba langu linanitosha kuliandika.

Tulikuwa wafugaji wachache hapa Moshi, tunafuga wale kasuku wadogo wa kijani, kichwa cheusi, shingo ya njano, wanaokaa wawiliwawili wakinong'onezana. Mwenyekiti wetu, mwenye shamba la kahawa kule Kilema, alijitapa kwamba ndege wake wana damu safi: kijani mtupu, toka babu hadi kitukuu. Wote tulianzia kwake. Akatuwekea sheria. Kinda wa rangi ngeni akitokea bandani kwako, unamnyonga mwenyewe mbele ya wenzako, yeye na wazazi wake, damu isichafuke. Mimi nimenyonga, tena si mara moja. Shingo ya kinda ni kitu kidogo sana. Unaibana kwa dole gumba na kidole cha shahada, unazungusha, inalia kama bua bichi, na moyo unaendelea kupiga kiganjani mwako kwa muda. Nilifanya hivyo kwa aibu, nikiamini kosa ni la banda langu.

Seremala alikuwa na jozi moja tu, dume na jike, wote kutoka kwa mwenyekiti. Mwaka ule makinda wanne walitoka kijani na wa tano akatoka bluu kama anga la Januari. Hakumnyonga. Alituita Jumapili mchana kwenye karakana yake, akamweka juu ya meza ya kazi, katikati ya maranda, tundu la wazazi wake likiwa kando, tumwone.

"Umempandisha jike wangu kwa dume la bluu," mwenyekiti akasema. "Ndege chotara, mfugaji chotara! Mama Mpare, baba hata kabila lake hulijui. Wewe usafi ungeujulia wapi?"

Tulicheka. Nami nilicheka.

Seremala hakupandisha sauti; alimwita kwa heshima ya Kichaga, kama chifu. "Mangi, sikiliza. Tuseme nimemwingiza huyo dume. Kama jike wako angekuwa safi, makinda wote wangetoka kijani, maana kijani hufunika bluu. Bluu haionekani mpaka kinda aipate kwa baba na aipate kwa mama. Haya, baba nimemleta mimi. Mama ni wako. Yeye ameitoa wapi?"

Hakuna aliyecheka tena. Nilianza kuwakumbuka wote niliowanyonga, mmoja mmoja, na mabanda walikotoka wazazi wao. Lilikuwa banda moja.

Mwenyekiti alitia mkono tunduni akamtoa jike, akamnyonga. Akamtoa dume, akamnyonga. Alipogeukia meza, seremala alishamtia kinda kwenye mfuko wa shati na kuufunika kwa mkono wa kushoto. Mwenyekiti akaokota nyundo. Seremala aliukinga mkono wa kulia, nao ndio uliopigwa: kiwiko, kifundo, vidole. Nilisikia kila mfupa. Damu ilirukia maranda, na seremala alikuwa akisema tu, "Hapana, mangi. Huyu hapana." Nikamrukia mwenyekiti mgongoni. Pigo la nne lilinipata mimi jichoni, kwa upande ule wa kung'olea misumari. Wenzetu walisimama wakitazama. Ninao wote kichwani, na wakisoma hapa wajue nawaona vizuri kwa hili moja lililobaki.

Polisi hatukwenda. "Ana watoto," seremala alisema, kana kwamba yeye alizaa mawe. Mkono ule haukushika randa tena. Fundi aliyetengeneza milango ya nusu ya mtaa alimalizia maisha akiuza mkaa mbele ya milango hiyo, na ndani kwake akimlea yule wa bluu.

Nimelitafuna jambo hili miaka mingi. Ile sheria haikulinda damu yoyote. Kila kinda wa bluu alikuwa shahidi dhidi ya mwenyekiti, na sisi wenyewe, kwa mikono yetu, tukawa tunamuulia mashahidi wake na kuondoka tumeinamisha vichwa. Si kwa ndege tu. Nimeona binti akifukuzwa nyumbani kwa mimba, na aliyempa mimba ameketi kiti cha mbele kwenye kikao, akipiga kelele kuliko baba mzazi.

Alikuja mazishini, huyo mwenyekiti. Tulipokwisha kufukia akanijia mbele ya watu akiwa na jani la isale, lile ambalo Mchaga akikuletea kuomba radhi huruhusiwi kulikataa. Mjane alikuwa mlangoni anatutazama tukirudi. Nikalipokea. Nikamwambia, "Sema sasa, hapa, yule jike alikuwa na nini."

"Yameshapita hayo, ndugu yangu. Tusimsumbue marehemu."

Nililikunja jani kwa dole gumba na kidole cha shahada, nikazungusha, likalia. Nikamrudishia vipande viwili. Wazee wangu wa Mwika watanilaumu, na walaumu. Wa bluu yuko kwangu sasa, amezeeka, ana jike wa kijani na makinda watatu, kijani wote. Sitamnyonga hata mmoja. Nawaambia ninyi mnaofuga, ndege au watoto: anayekuharakisha uue kosa, muulize kwanza mbegu ulipewa na nani, na radhi isiyotaja kosa ni mkono uleule, unarudi kutafuta shingo.