Mlima Ulioachwa Mwisho

Ishbel Gunn alikuwa amepanda kila mlima mrefu wa Uskoti isipokuwa ule wa nyuma ya nyumba yake, na jambo hilo lilimkera kuliko hata maumivu ya goti.

Tunasema "nyuma ya nyumba" kwa mazoea tu. Kutoka mlango wake wa jikoni hadi kilele cha Beinn na Gaoithe, yaani Mlima wa Upepo kwa Kigaeli, ni safari ya kutwa. Unaanza na njia ya mawe kando ya mto mpaka inapofia, unaingia kinamasi cheusi kinachong'ang'ania buti lako, unavuka mto usio na daraja, unapanda bonde la juu lenye ziwa dogo lisilopata jua, kisha kishingo, lile pengo la chini kati ya vilele viwili, na ndipo mgongo wa mlima unaanza. Hakuna nyumba, hakuna duka, simu haishiki. Upweke huo watu huufuata kutoka London na Ujerumani, wamebeba mahema mgongoni. Wakifika hugonga kwa Ishbel kuuliza njia, na kesho yake jioni hurudi wamebabuka kwa upepo, wakamweleza yeye, mwenyeji, jinsi visiwa vya magharibi vinavyoonekana kutoka juu.

"Lakini wewe umeviona mara ngapi, mama!" kijana mmoja alimwambia.

"Bado," Ishbel akajibu, na akafunga mlango kwa kishindo ambacho hakukikusudia.

Kosa lilikuwa la zamani, na lilikuwa kosa la heshima. Wapanda milima wa kule wana desturi yao: anayetaka kuimaliza milima yote hujichagulia wa mwisho mapema, kama anavyochagua siku ya arusi, ili wampendao wapande naye na chupa ya wiski ifunguliwe kileleni. Ishbel, wakati huo mpishi wa shule, mgeni kutoka Glasgow asiye na rafiki hata mmoja bondeni, alikuwa ndiyo kwanza ameolewa na Torquil. Akaanza kupanda ili asife kwa ukimya.

"Huu wa nyumbani uache uwe wa mwisho," Torquil akamshauri. "Hauna miguu, hautakukimbia. Huo nitakuja nawe."

Ahadi ikawekwa. Huko kwingine alikwenda peke yake au na chama cha watembeaji, miaka nenda miaka rudi, likizo baada ya likizo, na hakuwa mtu wa kujidanganya. Mlima ulihesabika kwake pale tu kiganja kilipogusa rundo la mawe la kileleni. Kule kisiwani Skye upepo uliwahi kumrudisha akiwa ameshayaona mawe yenyewe. Mwenzake wa chama akamwambia hiyo inatosha. "Haitoshi," Ishbel akasema, na mwaka uliofuata akarudi kuyagusa.

Mwishowe ikabaki Beinn na Gaoithe tu. Na Torquil.

Torquil alifanya kazi maisha yake yote kwenye ardhi ile, akiwaongoza matajiri kwenda kuwinda kulungu. Alijua kila bonde, kila jabali, kila mahali kulungu anapojikinga na upepo. Kileleni hakuwahi kufika. "Kuna nini huko juu?" alikuwa akisema. "Kulungu hali mawe." Ishbel alikuwa akicheka zamani. Alipostaafu mume huyo, kicheko kikakauka, maana sasa hapakuwa na kazi ya kusingizia, na visingizio vikaongezeka. Mei, paa linavuja. Juni na Julai, visubi vitatula hai. Agosti mpaka Oktoba, tutawashtulia wawindaji kulungu wao. Baada ya hapo, barafu. Mwaka ukaisha, ukaja mwingine, na nyimbo zikawa zilezile.

"Unanizungusha," Ishbel alimwambia siku moja.

"Nakuzungusha vipi? Sikuumba visubi mimi."

Ndipo daktari akamwambia Ishbel goti lake litabadilishwa msimu wa baridi, na kwamba baada ya hapo asahau miteremko mirefu. Alirudi nyumbani, hakuvua hata koti.

"Jumamosi napanda," akasema. "Uje, usije, shauri yako. Lakini usiponifuata, Torquil Gunn, mlo wa jioni utajipikia mpaka ufe."

"Nitakuja," Torquil akasema.

Jumamosi kukapambazuka shwari, anga safi, upepo mdogo wa kufukuza visubi. Murdina, dada yake Torquil, akawapeleka kwa Land Rover yake mpaka njia ya mawe inapokoma. Kwenye siti ya nyuma alikuwa amepakia keki ya matunda na chupa ya wiski.

"Wifi, mrudishe mzee wangu mzima," akasema. "Akikushinda, mwache huko huko, kulungu wanamjua."

"Kaka yako ndiye wa kuniacha mimi? Tangu lini akaharakisha kitu?"

"Nyie semeni tu," Torquil akasema, na kuitia darubini begani.

Kila mahali darubini hiyo ikawa balaa. Ng'ambo ya mto alisimama kutazama kulungu. Ziwani akasimama tena, akakaa juu ya jiwe, akatazama ukuta wa mlima kwa muda ambao mtu mwingine angekuwa ameula mkate wake akamaliza. Ishbel alisubiri, fimbo ikipigapiga mawe. Alitazama jua likipanda na hasira ikipanda pamoja nalo. Miaka yote ile, na leo anakuja kuhesabu pembe!

Walipofika kwenye kishingo Torquil akajitupa chini kwenye nyasi ngumu.

"Nenda tu," akasema. "Mimi nitakaa hapa nitazame upande ule."

"Utakaa hapa."

"Hapa ndipo nilipokuwa nikiishia siku zote. Nenda, ukishuka utanikuta."

Yakamtoka yote. "Uliniahidi! Ukaniambia nisiupande, nikungoje, nikakungoja mpaka goti likaoza, na leo, hatua chache zimebaki, unakaa kitako kama mtalii? Unauona ni mchezo wa watoto, si ndiyo? Sema basi!"

Torquil alikuwa ameegemeza darubini jichoni, na mdomo wake ulikuwa na rangi ambayo Ishbel, kwa hasira aliyokuwa nayo, hakuitazama vizuri. Akageuka, akaondoka.

Mgongo wa mlima ulikuwa mzuri kupindukia. Mwamba mkavu chini ya buti, kushoto bonde linaporomoka hadi ziwani, kulia vilima vya kahawia vinafuatana mpaka macho yachoke, na mbele, polepole, bahari ikainuka na visiwa vyake vyote vya buluu. Watu huvuka nchi kadhaa kuja kuyaona haya. Ishbel aliyaona na hakuyafurahia, kwa sababu alikuwa akigombana kichwani na mtu aliyemwacha nyuma, na kila jibu alilolitunga lilikuwa kali kuliko lililotangulia.

Kisha akayaona mawe. Rundo dogo, la kiunoni, lenye kuvu ya njano. Lilikuwa mbali kama kutoka mlango wa kanisa hadi mimbari. Akasimama ageuke mara moja tu, amwone huyo mvivu amekaa na darubini yake.

Kishingoni hapakuwa na mtu. Torquil alikuwa katikati ya mteremko, anapanda. Alikwenda hatua kidogo, akainama akashika magoti, akainua kichwa, akaenda tena. Darubini hakuwa nayo. Hakuwa anatazama kulungu wala chochote. Ishbel akaelewa paa linalovuja, akaelewa visubi, akaelewa na kule kusimama kote kwa leo, na aibu ikamshuka mwilini kama maji ya mto ule.

"Rudi!" akapiga kelele. "Torquil! Kaa chini!"

Upepo ukaichukua sauti. Torquil akajongea tena, akapiga goti, kisha akalala ubavu.

Ishbel hakuyatazama mawe tena. Alikimbia. Goti lilimuuma mpaka akalia kwa sauti, na hakusimama.

Alimkuta ameketi, uso wa majivu, anavuta pumzi kwa vipande.

"Tangu lini?" akamuuliza, amemshika kola.

"Mwaka juzi. Ni moyo."

"Mwaka juzi! Na ukaniambia visubi!"

"Visubi navyo vilikuwepo," Torquil akasema. Akapumzika. "Ningekuambia, ungeuacha. Nakujua. Ungesema hupandi bila mimi, na ungekaa dirishani unautazama mpaka ufe." Akamtazama machoni. "Ulishika mawe?"

Ishbel akafungua mdomo. Torquil alikuwa ameshaweka kiganja chini, anatafuta pa kujiinulia.

"Kama hukushika, twende. Nikipumzika kidogo nitafika. Nilikuahidi."

"Nilishika," Ishbel akasema.

"Kweli?"

"Nimekuambia nilishika. Kaa hapo upumue, kisha tunashuka."

Walishuka mkono kwa mkono, wakikaa kila baada ya muda, na kila walipokaa Ishbel alikuwa na kilele mgongoni na hakugeuka. Alikasirika. Alimkasirikia mume kwa kuficha, akajikasirikia mwenyewe kwa kutotazama rangi ya mdomo wa mtu aliyelala naye kitanda kimoja, na aliyakasirikia mawe yale, ambayo hayakuwa na kosa. Mtoni alimshika kiuno wakavuka pamoja, na mlima ukazama nyuma ya bega la bonde.

Murdina, aliyekuja kuwachukua pale njia ya mawe inapokoma, aliwaona wakikaribia, akaanza kupiga honi. Kisha akamwona kaka yake vizuri, akaacha.

"Hospitali kwanza," Ishbel akasema.

"Hospitali baadaye," Torquil akasema, anaketi kwenye siti ya mbele, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa na rangi mashavuni. "Fungua chupa, Murdina. Amemaliza! Milima yote, mpaka huu wetu. Nimemwona kwa macho yangu akienda juu."

"Wifi yangu!" Murdina akamkumbatia, akamshika mkono, akaupiga busu kiganjani. "Ndio huu? Ndio mkono wenyewe? Lakini ulishika kweli, au ulipita karibu tu? Maana wengine hawa, uongo ndio mazoezi yao."

"Si huyu," Torquil akasema. Alimtazama mkewe kwa fahari. "Mwulize yeyote wa chama. Huyu hajawahi kudanganya juu ya mlima hata mara moja."

Ishbel akautoa mkono wake polepole.

"Kata keki, wifi," akasema, "tule upesi, twende hospitali."