Shingo ya Mchukuzi Majini

Iko siku moja siisahau, mwanangu, hata ukinipa mji huu wote ili niisahau. Ni asubuhi niliyosimama juu ya tishari katikati ya bandari ya Dar es Salaam, kikoi nimekipiga winda, nimekipitisha katikati ya miguu na kukikaza nyuma, na pwani watu wamejaa wananitazama, wengine wanacheka hata sijaruka. Nilikuwa mtu mzima, nina mke nyumbani na ndevu kidevuni, na kuogelea ndiyo kwanza nilikuwa nimejifunza. Ngoja nikueleze nilifikaje pale. Usinikimbize, kisa chenyewe kitamu, nami napenda kukisimulia.

Mimi ni Mnyamwezi. Nilishuka pwani na mzigo kichwani wakati wa vita vya Mwingereza na Mjerumani, na mahali walipotulaza sisi wapagazi ndipo hapa mnapopaita Kariakoo. Vita vilipokwisha wenzangu wengi walirudi kwao. Mimi nikabaki, nikawa mchukuzi sokoni. Sasa, sisemi kwa kujisifu, nasema kwa sababu ni kweli: mchukuzi kama mimi soko lile halijapata kumwona. Gunia la mchele nililitoa bandarini mpaka sokoni bila kupumzika, mikono nimeiachia inaning'inia, gunia limetulia juu ya ngata kichwani kana kwamba limeota pale. Wanawake waliokuwa wakiuza mihogo walikuwa wakisema, "Mpisheni Mabega apite." Mabega ndilo jina walilonipa. Darasani sikukaa. Herufi nilizijua ukubwani, ndiyo maana mwandiko wangu unapanda na kushuka, lakini unafika.

Basi nikachoka kubeba. Si mwili uliochoka, ni moyo. Nikataka kuwa mkubwa wa wabebaji. Nikasikia kwamba Serahangi Salim, Mshihiri mmoja aliyekuwa mkuu wa matishari yanayotoa shehena melini na kuileta pwani, anatafuta nyapara wa makuli wake. Hata kabla ya kwenda kumwona nilipita kwa muuza kahawa nikawatangazia wote waliokaa: unyapara ule ni wangu, mengine ni maneno tu. Ndivyo nilivyo. Halafu ndiyo nikaenda, nikamkuta juu ya tishari lake.

"Shikamoo, serahangi."

"Marahaba, Mabega. Sema."

"Unyapara nautaka mimi."

Akanitazama, akaendelea kutafuna tambuu yake. "Makuli watakusikiliza?"

"Wengi ni Wanyamwezi wenzangu. Nikikohoa wanasimama."

"Vizuri. Unaogelea?"

"Nina nguvu, serahangi. Waulize sokoni."

"Sikukuuliza nguvu." Akatema mate pembeni, akashusha sauti. "Masika yaliyopita kuli wangu mmoja aliteleza na gunia lake. Nyapara alikuwa amesimama hapo ulipo wewe, ana kifua kama mlango. Akabaki anapiga kelele. Mimi nilikuwa kwenye tishari jingine. Nilipofika, juu ya maji ilikuwa imebaki kofia. Mama yake akaja kutoka Tabora kuniuliza kaburi la mwanawe liko wapi. Ningemwonyesha nini? Bahari? Sitaki tena nyapara wa nchi kavu, Mabega. Meli ya mchele ikija, utaruka kutoka juu ya tishari mbele ya macho yangu, uende pwani kwa mikono yako. Ukifika, watu wangu ni wako. Ukishindwa, nitakutoa mwenyewe, urudi sokoni ukabebe."

Nilitoka pale bila kujisifu tena. Kwetu Unyamwezi maji ni ya kuchota. Mto ukijaa tunaungoja upungue. Mimi bahari nilikuwa nikiitazama kwa adabu kubwa, nikiwa nimesimama mbali.

Nikamwendea Kondo. Kondo alikuwa Mzaramo wa mji huu huu, mkaanga samaki wa pale Feri, mnene, mcheshi, ana kicheko kinachoanzia tumboni. Na alikuwa mtani wangu, maana Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za babu zetu. Ninyi vijana mnajua utani kwa kuusikia, sisi tuliuishi. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako nawe unacheka. Anachukua kitu chako nawe hugombi, maana ukikasirika aibu ni yako. Na ukifa yeye ndiye anayechekesha matanga yako. Nilimchagua kwa akili, mwanangu. Nilijua nitachekwa. Nikaona heri nichekwe na yule mwenye haki ya kunicheka.

Nilipomweleza, akaweka chini upawa wake wa kukaangia. "Kuogelea? Wewe? Mnyamwezi, bahari haibebwi kichwani!"

"Nifundishe, mtani."

"Nitakufundisha. Na sanda nitakuja nayo kabisa, nisiende nyumbani mara mbili."

Akanitafutia nazi mbili kavu zenye makumbi yake, akazifunga pamoja kwa kamba. Watoto wa pwani ndivyo wanavyoanza, wanapitisha kamba kifuani, nazi moja kwapa hili na nyingine kwapa lile, zinawaelesha. Kila alfajiri baada ya sala nikawa nakatiza Mnazi Mmoja na nazi zangu, mtu mzima na mwili wake huu, na watu wananisimamisha kuniuliza nauzaje. Nikawaambia si za kuuza. "Ni za nini basi?" Nikawaambia wazi: "Najifunza kuogelea." Ee, walicheka! Mmoja alikaa chini kabisa. Nami nikapita, kifua mbele, kama nimebeba gunia.

Majini sasa. Mwanangu, kama hujapata kuingia baharini ukubwani, hujui moyo unavyoweza kupiga. Maji yakafika magotini, nikasema bismillahi. Yakafika kiunoni, nikaisema tena. Yakafika kifuani, nikamshika Kondo shingoni. "Niachie, Mnyamwezi! Mke wangu hajapata kunikumbatia hivi!" Pole pole nikamwachia. Zile nazi zikanishika. Nikapiga mikono, nikapiga miguu, maji yakaruka mpaka wavuvi wakahamisha nyavu zao. Nikaenda! Kidogo, lakini nikaenda. Nikapiga ukelele wa furaha ambao nadhani ng'ambo Kigamboni waliusikia.

Nikaendelea hivyo, nikawa hodari kweli kweli, hodari wa nazi mbili. Nikaanza hata kuwaelekeza watoto wa pale.

Ndipo asubuhi moja, niko mbali kidogo na ufuko, maji yamenifika kidevuni, Kondo akanijia kwa nyuma, akachomoa kamba na nazi zote mbili akaondoka nazo. "Nimezichukua. Za mtani!"

Nilitaka kufoka, lakini mtani akichukua hugombi. Na hata ningetaka, mdomo ulikuwa umejaa maji. Nikazama. Nikapiga mikono nikaibuka, nikazama tena. Kondo akanishika kwapani akanivuta mpaka mahali miguu inapofika, akanisimamisha. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akawa ananizunguka, ananitazama shingo kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Hebu ingia tena, nikuone."

Nikaingia. Nikazama.

"Rudi. Sasa nimeiona!" Akanigonga utosini kwa kidole. "Huku juu kuna gunia gani ambalo mimi silioni?"

"Gunia gani, bwana?"

"Ndilo nakuuliza mimi! Umeingia baharini na shingo ya sokoni. Kichwa umekisimamisha hivi, macho mbele, kama una mchele wa watu unaogopa usimwagike. Kichwa kikisimama, miguu inashuka. Tena nimeiangalia miguu yako huko chini, inatembea! Unaitafuta barabara! Tua, Mnyamwezi. Tua mzigo."

Mwanangu, alisema kweli tupu. Miaka yote ile shingo ndiyo iliyonilisha. Mchukuzi akilegeza shingo, mzigo uko chini na kazi hana. Hata usingizini nililala nimeikaza, mke wangu alikuwa akinilalamikia. Nguvu ile ile niliyokuwa nikijivunia ndiyo iliyokuwa ikinivuta chini.

Kondo akanilaza chali juu ya viganja vyake, mimi na urefu wangu wote. "Masikio yaingie majini."

"Masikio?"

"Yote mawili. Hayatayeyuka. Jaza pumzi kifuani, uache kujikaza. Legea kama mlevi."

Nililegea kwa tabu kuliko nilivyopata kubeba. Kila nikilegeza, shingo inarudi yenyewe. Yeye anasema, "Tua." Nalegeza, inarudi. "Tua, bwana we, mwenye mzigo ameshakufa!" Nikacheka. Na katika kucheka, shingo ikalegea yenyewe, kichwa kikalala, masikio yakaingia. Dunia ikanyamaza. Nikaona mawingu tu. Kifua kikapanda juu chenyewe, miguu ikaja juu yenyewe, nami niko juu ya bahari nimelala kama niko kitandani. Nikageuza macho kumtafuta Kondo. Alikuwa amesimama mbali, mikono yote miwili ameiinua hewani nione kwamba hanishiki!

Sijui nilimaliza muda gani vile. Nilipotoka nilikuwa nalia machozi na ninacheka pamoja, na wala sioni haya kukwambia. Tangu hapo nikawa nakwenda kwa tumbo, nikichoka nageuka chali napumzika, nageuka tena. Nilijifunza haraka. Mimi nikishaielewa kazi huniwezi.

Basi meli ikaja. Na kwa sababu ya mdomo wangu kwa yule muuza kahawa, nusu ya Kariakoo ikateremka pwani. Serahangi Salim akanichukua katika tishari mpaka katikati, pwani ikawa mbali, watu wadogo wadogo. Hapo ndipo nilipokuacha mwanzo. Nilitazama maji, meusi, mazito, hayana chini. Kuli mmoja akasema nyuma yangu, "Mabega, bado hujachelewa kusema una homa." Nikaruka.

Nikashuka, nikapanda, nikavuta pumzi, nikaanza. Mkono, mkono, pumzi. Nilikwenda vizuri, nakwambia, wakaanza kunishangilia. Halafu ikapita stimu ndogo inayovuta matishari, ikaacha mawimbi nyuma yake. La kwanza likanipiga usoni, nikameza maji. La pili likanikuta nakohoa. Nikaogopa. Na nilipoogopa nikasikia shingo inasimama. Naisikia! Kichwa juu, macho mbele, miguu inashuka kutafuta barabara. Nikaona tishari linageuza kunifuata. Serahangi alikuwa ameshavua kanzu.

Nikajiambia kwa sauti, na maji mdomoni, "Tua, mjinga wewe!" Nikageuka chali. Masikio ndani. Kelele zote za pwani zikazimika, nikawa nasikia mnyororo wa nanga ya meli tu, unagonga chini huko mbali, taratibu. Wimbi likaninyanyua, likanishusha. Jingine likaninyanyua, likanishusha. Pumzi ikarudi. Nikainua mkono mmoja kumwashiria serahangi asije. Nikageuka tumbo, nikaendelea.

Nikagusa mchanga. Nilitambaa kama mtoto mchanga, nikasimama, na Kondo alikuwa wa kwanza kunifikia, ameshika ile sanda aliyoniahidi. Kweli alikuja nayo, bwana! Akanifunika nayo nijifute, watu wakacheka mpaka wakashikana. Nikapiga ukelele wa Kinyamwezi, wenzangu wakaitikia, wachukuzi, wauza samaki, hata watu wasionijua. Siku ya arusi yangu sikufurahi vile. Mama watoto akisoma hapa anisamehe.

Tishari likafika. Serahangi Salim akashuka, kanzu bado mkononi. "Nilidhani umekwisha," akasema.

"Nilikuwa napumzika, serahangi."

"Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta. Wa kupiga mikono ni wengi." Akanishika mkono. "Watu ni wako. Sasa wafundishe wote, hapandi tishari langu asiyeelea."

Nikawapeleka kwa Kondo, kundi zima la shingo ngumu, naye hakupata kufurahi vile maishani mwake. Na katika miaka yote ya unyapara wangu makuli waliteleza, waliangushwa na magunia, walisukumwa na mawimbi. Walianguka, tukawatoa, wakaenda nyumbani kula. Leo nina nyumba ya bati na lori langu mwenyewe, na watu husimama nikipita. Lakini ukiniuliza jambo kubwa nililolifanya, nitakwambia hilo la watu kwenda nyumbani kula.

Sasa wewe, mwanangu, unayesema umeshapita umri wa kuanza. Umejua kazi moja, umesifiwa kwayo, na sasa unaona aibu kuonekana hujui nyingine. Anza. Tafuta mwalimu atakayekucheka mbele ya macho yako na asiyekuacha uzame, na akikucheka, cheka naye. Kile kilichokupa jina jana kiangalie vizuri, huenda leo ndicho kinachokushusha chini. Kilegeze bila kukionea uchungu, maana nguvu zako hazitapotea, zitakungoja pale utakapozihitaji. Na ukiogopa katikati ya safari, usiongeze fujo. Pumzika kwanza, kisha uendelee. Tena jifunze kwa ajili ya wale watakaokuwa chini ya mkono wako, siyo kwa ajili ya watu wanaotazama, ingawa kushangiliwa nako, sikufichi, kutamu sana.

Mwenyezi Mungu akupe kifua kipana na moyo mwepesi. Akuvushe kila maji utakayoingia, na kila atakayekuegemea avuke pamoja nawe. Amin, mwanangu, amin.