Namba ya Dakika ya Kwanza

Jana uliondoka umenuna, mwanangu. Uliniletea transmita ya picha ya droni yako ukasema, "Mzee Salehe, ipime fasta, niandikie namba nisepe." Nikaiwasha, nikaifunga kwenye mita, halafu nikamwita muuza kahawa. Ukasonya ukaondoka. Usifikiri sikukusikia. Basi leo nimeiwasha upya, na kahawa yako hii hapa; kaa nikwambie kwa nini, maana ipo siku moja ambayo nikiikumbuka mikono inaingia baridi hata jua la mtaa wetu huu wa Gerezani likiwa utosini.

Na usicheke kwamba mnaniita mzee nami naitika. Nina miaka arobaini tu na mvi za kuhesabika, lakini katika kazi hii ya vidude vinavyoruka, mtu aliyekuwepo droni za kwanza zikiingia Kariakoo ni babu. Wakati huo nilikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, kichwa kimejaa sifa, nafanya kazi kwa Mzee Kombo, hapahapa, kwenye meza hiihii. Mzee Kombo alikuwa fundi wa redio tangu enzi redio moja inabebwa na watu wawili. Mtu wa Pwani, mpole, si wa maneno mengi. Vijana wanaojiundia droni walikuwa wakimletea zile transmita, kidude kidogo kama kiberiti kinachochukua picha ya kamera na kuirusha mpaka kwenye miwani anayovaa mrushaji. Mrushaji haangalii juu, anaangalia ndani ya miwani. Picha ikikatika yeye ni kipofu, na kitu chake bado kiko hewani, mapanga manne yanazunguka. Ndiyo maana walitaka kujua kila transmita ina nguvu kiasi gani hasa. Maandishi ya kwenye boksi, mwanangu, ni matumaini ya muuzaji.

Mzee Kombo alikuwa na utaratibu wake. Anaiwasha transmita, anaagiza kahawa, anainywa taratibu na kipande cha kashata. Kikombe kikiisha ndipo anasoma mita, anaandika namba kwenye kikaratasi cha gundi na kukibandika. "Kitu kikiwa baridi kinajisifu," alikuwa akiniambia. "Kiache kipate moto, kitasema kweli." Mimi nilidhani mzee anapenda kahawa tu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Laiti lingekuwa guu langu.

Nilikuwa na rafiki, Elibariki, tukimwita Eli, kijana wa Kichaga ambaye wazazi wake walikuwa na duka la jumla la vyombo vya plastiki Kariakoo. Droni alikuwa anairusha mpaka unasema ina akili. Dada yangu Zuhura alikuwa anaolewa Jumamosi, na Eli akaahidi kumpa zawadi: atampiga video bwana harusi akiingia mtaani kwetu Buguruni na matarumbeta, ionekane kutoka juu. Ijumaa mchana akaniletea transmita yake mpya. Mzee Kombo alikuwa ameenda msikitini. Nikaiwasha mwenyewe, na mita papo hapo ikaonyesha miliwati mia tano themanini.

"Duh! Salehe, we ni noma!" Eli akanipiga begani, kana kwamba nguvu ile nimeitia mimi.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Sikuagiza kahawa. Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika 580, na chini yake nikaweka jina langu, Salehe, ile e ya mwisho nikaivutia mkia mrefu kama ninavyoandika tangu nikiwa mtoto. Nikabandika, nikamkabidhi. Haikufika dakika moja.

Bwana harusi alitakiwa kufika saa tisa alasiri. Harusi zetu si unazijua? Saa tisa ikapita, saa tisa na nusu ikapita, watu wanapiga soga. Mtaa mzima ulikuwa umefunikwa turubai, na chini yake viti vya wanawake, mama yangu mstari wa mbele na kanga yake mpya. Eli na mimi tulisimama kwenye kona, nje ya turubai. Aliogopa kukutwa hajajiandaa, kwa hiyo alikuwa ameshaiwasha droni na kuiweka juu ya ukuta, juani. Betri ikipungua anabadilisha, anawasha tena. Ile transmita ikawa inajipika tu.

Nakiri kwako kitu ambacho nilichelewa sana kukikiri. Niliigusa. Nilipitisha kidole nikaungua, nikarudisha mkono haraka kama mtu aliyeshika sufuria. Nikajua. Nikajiambia ikiruka upepo utaipoza. Ningemwambia Eli aizime kwanza, ningeonekana fundi asiyejiamini, na karatasi yangu ya wino mwekundu imebandikwa pale.

Mara matarumbeta yakasikika. Eli akavaa miwani, droni ikapaa, ikapita juu ya mapaa kwenda kumpokea bwana harusi, ikageuka kurudi naye. Eli anacheka peke yake. Kisha akaacha kucheka.

"Picha inaleta chenga," akasema. "Salehe, sioni." Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtoto. "Sioni kitu. Niambie iko wapi. Nizime?"

Mwanangu, sikia vizuri. Akizima, mota zinasimama na droni inaanguka hapohapo ilipo. Asipozima, inakwenda isikojulikana. Na mimi niliyetakiwa kuwa macho yake nilitazama juu nikaona ukingo wa turubai na mwanga wa jua, basi. Nilikuwa naisikia tu, inalia kama nyuki, mara huku mara kule, inapotelea ndani ya matarumbeta na vigelegele. Ipo juu ya watu, juu ya nani sijui. Nimewahi kuibiwa, nimewahi kuugua nikasomewa Yasini, lakini woga kama ule sijauona tena, na Mungu asinionyeshe.

"Usizime!" nikapiga kelele, nikakimbia chini ya turubai. "Tokeni! Tokeni hapo chini!" Nani angenisikia? Nilikuwa narusharusha mikono katikati ya ngoma, kaka wa bi harusi, wakadhani nacheza. Shangazi yangu mmoja akaja kwa madaha akanibandika noti kwenye paji la uso, akanitunza, na wanawake wakazidi vigelegele. Noti ile ilikuwa bado imenasa kwenye jasho langu turubai lilipochanika.

Iliangukia mstari wa mbele, mapanga bado yanazunguka. Mama aliinua mkono kujikinga uso, na mapanga yakaupata mkono. Matarumbeta hayakunyamaza mara moja, walio nyuma waliendelea kupiga kwa sababu hawakuona. Mimi niliona. Niliona kanga mpya inabadilika rangi.

Alishonwa hospitali, alhamdulillahi, akarudi nyumbani magharibi, na ndoa ikafungwa bi harusi macho yamevimba kwa kulia. Mama akaniita chumbani. Kwa mkono mzima akafungua pindo la kanga akanitolea ile transmita. "Mpe mwenyewe," akasema. "Kilinidondokea mapajani." Akanitazama kidogo, kisha akageukia ukutani alale. Watu walisema ni ajali, wengine wakasema ni jicho la watu. Eli alilia, akajilaumu kwamba ameshindwa kurusha. Nami, mwanangu, nilimwacha ajilaumu.

Jumatatu Mzee Kombo alikiona kile kidude mfukoni mwangu akanyoosha mkono. Akasoma ile karatasi ya wino mwekundu. Akakifunga kwenye mita, akaagiza kahawa, vikombe viwili, akanionyesha nikae. Mia tano na sabini. Akanywa. Kidude kikapata moto, namba ikashuka: mia nne na kitu. Akang'ata kashata. Mia mbili. Kahawa yangu ikapoa sijaigusa. Kikombe chake kilipoisha mita ilikuwa inasoma tisini.

"Namba yako ni ya kweli, Salehe," akasema taratibu. "Ni ya kweli dakika ya kwanza. Mama yako alikuwa amekaa chini ya dakika ya ngapi?"

Heri angenipiga. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi sikuwa nimesema uongo hata neno moja, na ndicho kilichonitisha: kumbe mtu anaweza kumwaga damu ya mama yake kwa namba ya kweli. Siku hiyohiyo nilimfuata Eli dukani kwao nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Ondoka, Salehe." Ilipita miezi ndipo akanipigia simu.

Lakini mama sikuthubutu. Kidole chake kimoja hakikunjiki mpaka leo. Akishika kikombe kinabaki kimenyooka, kinanielekea, ndivyo nilivyokiona, na kila nikienda kumjulia hali naketi upande ambao sikioni. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilificha zaidi ya miaka kumi. Mwaka huu, wakati wa mfungo, nimemkuta anachambua mchele, na woga ukawa umenichosha kuliko aibu. Nikasema, "Mama, ile namba niliandika mimi. Sikupima sawasawa. Na niliigusa nikajua inaungua."

Hakuacha kuchambua. "Najua," akasema.

"Unajua?"

"Kilinidondokea mapajani, baba. Jina lako lilikuwa juu. Hiyo e yenye mkia si nilikufundisha mimi, kwa mkaa, pale uani?"

"Sasa mbona hukusema kitu, mama, miaka yote hii?"

Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa. "Nilikuwa nakungoja wewe. Kidole hakijaniuma kama kukungoja."

Basi, mwanangu, nasaha yangu ndiyo hiyo, na niseme wazi usije ukasema mzee alipiga hadithi tu. Usiandike namba ya kitu kilicho baridi, wala usijiandikie sifa kabla hujapata moto. Ukihisi kidole kinaungua, sema hapohapo, hata kama jina lako limeshabandikwa na watu wanakushangilia. Na ukikosea, nenda kaseme mapema, kwa sababu uliyemkosea huenda anajua, na anakungoja, na kungoja nako ni jeraha.

Mungu akupe mkono mzito wa kuandika na ulimi mwepesi wa kukiri. Akutunzie mama yako na vidole vyake vyote kumi. Haya, kahawa yako imeisha, sasa soma mita uandike mwenyewe, na Mungu amlinde kila atakayekaa chini ya namba yako.