Dawa Mbili Mgongoni

Mume wangu alikuwa seremala, na karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba yetu, mtaa wa Gongoni. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa aliitwa upande wa Ulyankulu kupaua shule. Boriti ya mninga ikamwangukia pajani. Mfupa uliunga, kidonda kikafunga, watu wakaja kutupa pole na kumshukuru Mungu. Kumbe maumivu yenyewe ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza.

Mguu ulimwaka moto. Shuka ikiugusa, alipiga kelele. Mlango ukifunguliwa upepo ukaingia, alitukana. Tulimchua kwa dawa za shangazi yake wa kijijini, akameza kila kidonge kilichopatikana. Asubuhi moja nilimkuta karakanani ameketi, msumeno mkononi, akiutazama mguu kama anavyotazama ubao. Niliuchukua ule msumeno, nikamwita jirani mwenye baiskeli, tukampeleka hospitali.

"Daktari, ukate," alisema.

Daktari, mtu wa makamo asiye na haraka ya kujibu, alitikisa kichwa. "Mzee, kilichoumia ni mshipa wa fahamu. Naweza kuukata mguu, na maumivu yakabaki."

Akamchoma mgongoni sindano ya ganzi, ile wanayotumia kwa upasuaji. Maumivu yaliisha, lakini miguu yote miwili ikawa kama magogo. Siku nyingine akajaribu mofini, dawa kali ya maumivu, peke yake, humo humo mgongoni. Ilisaidia kidogo, mume wangu akatapika, akajikuna pua mchana kutwa kwa mwasho wa dawa. Ndipo daktari akaniambia atachanganya zote mbili, kila moja kwa kipimo kidogo.

"Pengine zikisaidiana zitafanya kazi bila kumlegeza miguu. Siahidi kitu, mama."

Nilikaa kwenye benchi la nje. Nilipoitwa ndani, nilikuta ameuvutia mguu shuka kwa mkono wake mwenyewe.

"Mama watoto, umenyamaza."

"Nani?"

"Mguu."

Baadaye kidogo aliomba kusimama. Tulikwenda hadi dirishani, yeye kaniegemea begani, bado anajikuna pua. Nilitazama nje ili asinione uso.

Nafuu ilifika hadi kesho yake tu. Wakarudia, na kila mguu uliponyamaza muuguzi alimtembeza na kumkunjisha goti, hata alipolalamika kwa uvivu. Kisha mofini ikaadimika, kama sabuni na sukari zilivyoadimika wakati ule. Maumivu yalirudi, lakini yalimkuta mtu anayeweza kutembea na kusujudu.

Juu ya paa hakupanda tena. Suruali hakuistahimili, akavaa msuli, akafanya kazi ameketi: viti, vitanda, makabati ya watu wa mtaa wa Kanyenye. Siku mbaya hakuzisema. Nilizijua kwa jinsi alivyopiga randa, haraka haraka, bila kusimama kupangusa jasho.