Koti Jeusi la Mahakamani

Haya, chekeni, ila mkimaliza mniachie na mimi nafasi ya kulia, maana siku ile pale Same niliiua kesi ya mama mdogo wangu kwa sababu ya koti.

Mama mdogo alikuwa mjane, na shemeji yake alikuwa ameng'oa masale, ile mimea tunayopanda mpakani, akalichukua shamba lote la bondeni, lile linalopata maji ya mfereji, akidai kwamba marehemu kaka yake hakuwahi kugawiwa kitu. Mahakama ya mwanzo haina wakili, kila mtu anajisemea, na mama mdogo karatasi hana. Alikuwa na mimi tu, kwa sababu siku ndugu wale walipogawana ni mimi niliyeyashika masale wakati marehemu akiyapanda, na wazee walioshuhudia walishatangulia mbele ya haki wote.

Sasa, miaka hiyo mitumba ndiyo kwanza inamwagika (kabla ya hapo tulivaa kiraka juu ya kiraka, mnakumbuka), nami nilikuwa nimejipatia mnadani koti jeusi la Ulaya na tai yake. Jua la Same mnalijua, lakini nikalivaa, nikijisemea kwamba hakimu akiniona hivi atanisikiliza.

Tulipofika, mama mdogo na kanga zake na ndala zake akaambiwa akae chini barazani asubiri. Mimi karani akanitazama kuanzia kola mpaka viatu, akasema, "Karibu mheshimiwa, pita huku," akanipa kiti karibu kabisa na meza ya hakimu. Nadhani alinidhania mkaguzi kutoka Moshi. Nilijua fika kwamba mahali pangu ni nje, lakini nani aliwahi kunipa kiti ofisini? Nikakaa, nikakunja nne, na hakimu aliponiinamishia kichwa nami nikamwinamishia (Mungu anisamehe).

Mama mdogo akajieleza amesimama, Kiswahili kinamkwama, Chasu cha kwetu kinamponyoka, anakatizwa kila mara, "Jibu ulichoulizwa, mama." Mwishowe hakimu akamwuliza kama ana shahidi.

"Ninaye," akasema, na uso wake ukachangamka. "Ni mwanangu yule, aliyekaa na nyie."

Watu wakaangua kicheko. Hakimu akavua miwani.

"Wewe ni shahidi?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Na umekaa humu tangu mwanzo unasikiliza? Shahidi hungoja nje mpaka aitwe. Sikupokei."

Nikaanza kuropoka habari za masale hivyo hivyo, jasho linanitiririka, mpaka askari akanishika ukosi wa lile koti akanitoa nje.

Shamba likaenda. Tukiwa njiani kupanda mlima, mama mdogo hakunigombeza, alisema tu, "Ungekaa na mimi pale chini, mwanangu." Rufaa tuliambiwa ipo, lakini alikataa katakata kushuka tena kwenda kuchekwa.

Koti sikuweza kulivaa tena, nikampa yeye. Vuli ilipofika akaenda kulima kibarua kwa shemeji yake, kwenye shamba lile lile, na kwa kuwa asubuhi kule kwetu mlimani kuna baridi, alikuwa analivaa. Tangu nimwone hivyo, nikipewa kiti popote nauliza kwanza nani amesimama.