Winga Aliyefichwa Benchi

Siku yangu ya kwanza ya ukamisaa katika ligi ya wilaya, Katibu wa chama alinikuta nimesimama nyuma ya goli pale Biharamulo, nimezama kwenye mpira kama mashabiki. Akaniita pembeni. "Kijana, mpira una waamuzi wake. Wewe angalia vingine vyote." Kamisaa ndiye jicho la chama uwanjani. Hukagua leseni za wachezaji, huangalia ulinzi, mabenchi na mwenendo wa makocha, kisha huandika taarifa.

Miaka ilivyokwenda nikaongezewa kazi niliyoipenda kuliko zote, kupendekeza mchezaji bora wa msimu wa kwanza. Tuzo hii ni ya mtu ambaye ndiyo kwanza amesajiliwa katika ligi, awe kijana au baba wa watoto, mradi amecheza angalau nusu ya mechi za timu yake. Zawadi ni kikombe kidogo na jozi ya njumu, lakini vijana walitaka zaidi ya hapo. Mshindi aliitwa kwenye majaribio ya timu ya mkoa.

Kwa sababu hiyo makocha waliwaficha wachezaji wao wapya, wasije wakachukuliwa na mkoa. Ukimuuliza kocha habari za mgeni wake, anakunja uso: "Huyo bado sana, kamisaa. Hata kurusha mpira hajui." Nikajifunza kuwauliza mabeki wa timu pinzani. Beki aliyeteswa na winga dakika tisini hamsahau.

Ndivyo nilivyomsikia Fidelis, winga wa kulia kutoka Murusagamba, aliyesajiliwa na timu ya Upepo ya Nyantakara. Kocha wake, Sospeter, alimweka benchi mara nyingi kwa madai ya maumivu, hata ikabaki mechi ya mwisho tu ili atimize nusu. Asipoingia uwanjani siku hiyo, hakuna tuzo wala majaribio.

Nilifika Nyantakara kwa bodaboda, vumbi hadi kwenye nyusi. Fidelis alikuwa benchi, bandeji kwenye kifundo cha mguu wa kushoto.

"Shikamoo, kamisaa."

"Marahaba. Umeumia lini?"

Akamtazama kocha wake. "Jana mazoezini," Sospeter akajibu kwa niaba yake.

Kamisaa hampangii kocha timu. Nikaendelea kukagua leseni. Kipindi cha pili kilipoanza, Upepo wakiwa nyuma kwa bao moja, bandeji ilikuwa mguu wa kulia. Mpaka leo sijui kama Fidelis alisahau au alikusudia.

Aliyelisema hilo ni Hamisi, nahodha na beki wa kushoto wa wapinzani, alipokuja kuokota mpira karibu na benchi. "Kocha, maumivu yamehama mguu?" Watu wakaangua kicheko. "Mwingize bwana. Mimi mwenyewe namwogopa, lakini sitaki kuambiwa nimeshinda kwa sababu mlimfunga kitambaa."

Sospeter akaniinamia. "Nikimwingiza leo, mwakani nitamchezesha nani?"

"Timu ni yako, mwalimu."

Akageukia benchi. Kisha akamwambia Fidelis, "Fungua hiyo bandeji."

Hakufunga bao. Alimzungusha Hamisi mara kadhaa, na krosi yake moja ikazaa goli la kusawazisha. Tuzo akapewa, akaenda majaribio, mkoa wakamchukua. Sospeter alimpoteza kama alivyohofia.

Nilistaafu mwisho wa msimu ule. Sasa nalima maharage, na sikosi mechi inayochezwa karibu. Nikiwasikiliza makamisaa wa leo, naona kazi bado ni ileile: ukitaka kumjua mchezaji mpya, muulize aliyekabana naye.

Usajili wa msimu uliofuata ulipofunguliwa, Sospeter alinipigia simu. Vijana kutoka Murusagamba na vijiji vya jirani walikuwa wamejaa uwanjani kwake, wakitaka timu iliyomtoa Fidelis.

"Wamo wazuri?" nikauliza.

Akashusha sauti. "Yupo mmoja, mzee wangu. Njoo umwone."

Nikamkumbusha kwamba nimestaafu, sina tena nafasi ya kumpendekeza mtu.

"Najua," akasema. "Njoo umwone tu."