Siku Kanisa Zima Lilipomwitikia Marehemu Mke Wangu

Kama umewahi kusali katika kigango chetu, huku mlimani juu ya Litembo, huenda mkasa huu umeshausikia kwa mtu mwingine, na ninavyowafahamu watu wetu ameshauongezea chumvi, kwa hiyo acha niueleze mwenyewe na aibu yangu yote, kwa sababu yule mzee aliyekimbia na kanzu ya ibada kutoka altareni hadi kwenye mibuni, waumini wote wakimtazama, ni mimi katekista wao.

Mimi ni mtu wa redio. Kila asubuhi nikishamaliza sala nasikiliza habari, na zile zinazokuja mwishoni, za makampuni ya simu na kompyuta huko ng'ambo, nazipenda kuliko zote, si kwamba nazielewa, ila zinanichekesha. Basi Jumapili baada ya ibada wazee tunaketi kwenye ukuta wa mawe nje ya kanisa, na Mzee Kapinga (rafiki yangu tangu shule ya misheni kule Kigonsera, mtu anayebishia hata tarehe ya ubatizo wake) huniuliza, "Haya Katekista, wiki hii wamevumbua nini?"

Nami ninatoa. Wametengeneza gari linalojiendesha lenyewe. "Waambie lije kwetu mwezi wa tatu," nasema, "likifika kwenye ile kona ya utelezi litasimama na kuomba watu walisukume." Wametengeneza jokofu linalokuambia maziwa yamekwisha. "Mama Agnes aliniambia hivyo miaka arobaini, tena bila umeme." Kuna tajiri mmoja anasema mashine yake itafanya kazi zote za binadamu. "Aje hapa aiambie ichume kahawa nyekundu na kuacha ya kijani."

"Hata wewe inakushinda," Kapinga anasema, na ukuta mzima unacheka, nami nacheka.

Sasa Jumapili moja nikawaletea kubwa. Redio ilisema kuna kampuni imetengeneza kitu ambacho ukikipa sauti ya marehemu wako, hata kidogo tu, kitakuongelesha kwa sauti ile ile, na kitasema maneno ambayo marehemu hakuwahi kuyasema. Niliidhihaki habari hiyo kuliko zote. Nilisema wazungu wamechoka kuwauzia walio hai sasa wanahamia makaburini. Walicheka hadi mmoja wao akapaliwa na kikohozi.

Lakini kuna jambo sikuwaambia. Ile habari, iliporudiwa jioni, niliirekodi kwa simu yangu, na nyumbani niliisikiliza mara nyingi kuliko nilivyosoma somo la Jumapili, na kila mara nilikuwa nasubiri pale mtangazaji aliposema dakika moja ya sauti inatosha.

Kwa sababu sauti ninayo. Haifiki dakika moja, lakini ninayo.

Mke wangu, Mama Agnes, alifariki mwaka juzi, wakati wa masika. Alikuwa amelazwa, na siku mbili kabla ya Mungu kumchukua aliomba simu ya muuguzi akanitumia ujumbe wa sauti. Mama Agnes hakuwahi kuikubali simu, kwake ilikuwa ni mtu aliyejificha, kwa hiyo alianza kama anayebisha hodi mlangoni: "Tumsifu Yesu Kristo." Kisha akanyamaza. Akasubiri kujibiwa! Unasikia kabisa anasubiri, unasikia anavyohema, na akiona muda wa mtu kujibu umepita, ndipo anaendelea. Tangu alipoondoka, kila asubuhi naufungua ujumbe ule, na kila asubuhi pale anaponyamaza namjibu, "Milele na milele, amina."

Na ndani ya ujumbe kuna agizo. Kwa asiyejua kwetu, huku Umatengo tunalima ngolo. Mwanamume anafyeka majani na kuyalaza mlimani kwa mistari inayokatana, kama nondo za dirisha, halafu mwanamke anakuja na jembe, anachimba katikati ya kila mraba na kufukia majani kwa udongo, anapanda maharage juu yake, na yale mashimo yanakamata maji ya mvua. Kwa hiyo ngolo ni kazi ya watu wawili, na mmoja peke yake anabaki na nusu ya shamba. Mama Agnes aliniambia hivi: "Usimwachie mtu afukie. Nikirudi nitafukia mwenyewe."

Hakurudi. Nami sikumwachia mtu. Majani ya mwaka ule yakaoza pale pale. Mwaka jana nikafyeka, nikalaza upya, nikayaacha yaoze tena. Mwaka huu vile vile. Binti yangu Agnes alinipigia kutoka Songea akilia, jirani zangu wakasema mzee amechoka, Kapinga akasema nimekuwa mvivu. Sikumweleza mtu. Ningesemaje? Kwamba nangoja ruhusa ya mtu niliyemzika kwa mikono yangu na kumwombea mbele ya watu wote?

Ndiyo maana nilikuwa naisikiliza ile habari. Sikutaka mashine inisimulie mambo wala inifariji. Nilitaka imwazime sauti aseme sentensi moja tu: "Baba Agnes, basi, mwache mtu afukie." Hapo nilikuwa nimefika, mimi ninayewafundisha watoto katekisimu.

Sasa mkasa wenyewe. Jumapili iliyofuata Kapinga alinishika mkono kabla ya ibada, mbele ya watu, akasema, "Katekista, ile ya marehemu kuongea uliitunga. Nimemuuliza mkwe wangu wa Mbinga mjini, hajaisikia."

Nikasikia moto. Mimi mtunzi?

Padre siku ile alikuwa kigango kingine, kwa hiyo ibada niliiongoza mimi, na kigango chetu tulikuwa tumeshapata spika mpya, moja ndani na nyingine ya tarumbeta juu ya paa, ambazo Magreti, mwalimu wa kwaya, huziunganisha na simu bila waya. Ilipofika saa ya matangazo nikaamua, eti kwa faida ya waumini, niwasikilizishe ile habari ili Kapinga anyamaze kabisa. Nikampa Magreti simu yangu aiunganishe.

Magreti akaninong'oneza, "Baba, si tungeifanya nje tukishamaliza?"

"Unganisha, mwanangu."

Hapo ndipo ningeweza kuokoka. Simu yangu ina vitu viwili tu vya kusikiliza, kimoja juu ya kingine, na kioo chake kimepasuka tangu ilipodondokea kwenye mashine ya kumenyea kahawa. Nikatangaza, "Ndugu zangu, sasa sikilizeni kwa masikio yenu mambo ya dunia hii!" Nikabonyeza. Nilibonyeza cha chini badala ya cha juu.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema Mama Agnes, ndani ya kanisa na juu ya paa.

Na kanisa zima, bila kufikiri, kama walivyofundishwa tangu ubatizo (na wengi wao nimewafundisha mimi), likaitikia kwa pamoja, "Milele na milele, amina!"

Walipofunga midomo ndipo walipotambua wamemwitikia nani. Mama Tolofina, aliyekuwa akichota maji naye tangu wakiwa wasichana, akasimama akashika kichwa. Mtoto akaanza kulia. Na Mama Agnes, aliyekuwa amesubiri kwa adabu, akaendelea.

"Baba Agnes, huku tunamshukuru Mungu. Sasa nisikilize. Najua umeshalaza majani, na najua mistari imepinda, maana haijawahi kunyooka. Usimwachie mtu afukie. Nikirudi nitafukia mwenyewe."

Nilikuwa nabonyeza. Kioo hakisikii. Nikaiingiza simu mfukoni, kana kwamba mfuko wa kanzu ungeweza kumnyamazisha Mama Agnes aliyeshindikana kwa mapadre watatu.

"Na hiyo kanzu ya ibada uiloweke, kola inatisha." (Watu wote wakatazama kola.) "Na usiimbe zaburi peke yako, mwachie Magreti. Wanakuonea haya tu."

Nikakimbia. Nilifikiri nikienda mbali spika zitamwachia, na kweli, nilipofika kwenye mibuni zikamwachia, akahamia ndani ya simu, akamalizia mkononi mwangu kwa sauti yake ndogo, kama alivyokuwa: "Kula." Kisha kimya.

Nikasimama pale nikahema. Nikajipangusa uso, nikanyoosha kanzu (nikaificha kola), nikarudi kwa hatua za mtu mzima ili nifunge ibada kwa heshima. Nilipokanyaga kizingiti spika ikalia tuu, ikaitambua simu, na sijui kidole changu kilikuwa kimegusa nini mle mfukoni.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele, amina!" Na mara hii walikuwa wamejiandaa, wakaitikia kwa nguvu zaidi, wengine wanacheka na wengine wanalia, na Magreti ndiye aliyekwenda kuchomoa betri.

Kapinga alikuwa wa kwanza kusema. "Kumbe umeshainunua hiyo mashine!"

"Katekista," akadakia bibi mmoja wa mbele, "na mume wangu utamweka lini?"

Nikaona sasa natuhumiwa kwa kitu kile kile nilichokitamani kwa siri. Nikasimama mbele yao na kola yangu. Nikawaambia siyo mashine, ni yeye, alituma kabla hajafa. Halafu, kwa kuwa aibu ilikuwa imeshafika mwisho wake na hakukuwa na nyingine ya kuogopa, nikawaambia na lile la mashine, kwamba niliicheka nje nikaitamani ndani, na kwamba nilitaka imsemeshe neno moja la ruhusa. Nikasema shamba limelala masika matatu kwa sababu hiyo. Hakuna aliyecheka. Hata Kapinga alitazama viatu vyake.

Mama Tolofina ndiye aliyeniuliza, kwa upole ambao sikuuzoea kwake, "Na hiyo mashine ingekuambia fukieni, Katekista, ungeamini ni yeye?"

Nikatikisa kichwa. Maana maneno yangekuwa yangu, nimeyavalisha sauti yake tu, na Mama Agnes angenisikia huko aliko angeuliza tangu lini ananiruhusu jambo kwa urahisi hivyo.

Jumanne asubuhi nikasikia wanawake wanaimba njiani. Wanajumuiya, wana majembe mabegani, Mama Tolofina mbele. Nikatoka mbio nikawakinga mwanzo wa shamba.

"Alisema asifukie mtu," nikasema.

"Tumesikia. Mlima mzima umesikia, hata wauza dagaa waliokuwa wanapanda kutoka ziwani wamesikia." Akapita pembeni yangu, akayatazama majani. "Na mistari kweli imepinda. Haki ya Mungu, huyu mwanamke alikuvumilia."

"Mama Tolofina, alisema atafukia mwenyewe."

"Alisema akirudi. Tumemngoja na wewe, baba. Sasa atupishe, maharage hayangoji." Akapiga jembe la kwanza.

Nilitaka kumzuia, mikono ikakataa. Nilisimama pale, mzee mzima, nikalia, na wao wakaendelea kufukia na kunisema: hapa umelaza kama kiota, hapa kama umelala. Ilipofika saa sita shamba lilikuwa limekuwa ngolo, ardhi nyeusi, mashimo yake yakingoja mvua. Isipokuwa mraba mmoja kwenye kona karibu na njia. Nikafikiri wamesahau.

"Huo ni wake," Mama Tolofina akasema, akifuta jembe kwa majani. "Asije akasema tumemnyima kazi."

Namshukuru Mungu kwa aibu ile, ingawa sitamani nyingine. Simu yangu haiingii tena kanisani, inabaki kabatini na rozari ya zamani, na Kapinga akiuliza wamevumbua nini bado namjibu, lakini mtu anayetamani sauti simcheki tena, hata kama anainunua kwa tajiri wa ng'ambo. Mimi nimebaki na ya kwangu, fupi, yenye maneno yale yale. Asubuhi naifungua. Ananisalimu, ananyamaza, namwitikia, ananiambia ya mistari na ya zaburi. Akifika kwenye kanzu namjibu pia.

Namwambia nimeiloweka.